Wazee wa Vitabuni Hawaogopi

Mama, shikamoo.

Makaburini nimekusalimu kama wanavyosalimiwa waliotangulia, na dua nimekuombea. Hii shikamoo ni ya nyumbani, ile niliyokuwa nikiitoa huku navua viatu mlangoni, nawe ukiitikia marahaba kutoka jikoni bila hata kugeuka.

Nakuandikia kwa sababu ya kitabu. Mhariri amenirudishia mswada. Anasema ameupenda, makosa ni machache, koma ni nyingi kuliko zinavyohitajika. Ila kwenye sura ya kumi na moja, pale mzee anapofariki, ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Msomaji amefungiwa nje. Humu chumbani kulitokea nini?" Anataka jibu kabla ya Ijumaa, na leo ni Jumanne. Kitabuni chumba hicho nimekiweka Kigombe, kwenye kijiji cha wazazi wako, na mzee nimempa jina jingine. Mimi na wewe tunajua kilipo. Kipo Chumbageni, cha pili kushoto ukitoka ukumbini, na siku ile aliyekuwemo na baba ulikuwa wewe peke yako. Barua hii nitaiacha wazi, wengine wataisoma, kwa hiyo nivumilie nikieleza mambo unayoyajua kuliko mimi.

Baba alikuwa mwalimu wa chuo. Watoto wa mtaa mzima walijifunza kusoma Kurani kwenye baraza yetu, na walipokua wakawa watu wazima waliendelea kumwita Mwalimu. Kwa miaka arobaini, mtu akiwa mahututi, alikuwa akiitwa yeye. Alikaa kichwani pa mgonjwa, akamshika mkono, akamtamkisha shahada taratibu na kumwambia atulie. Watu walisema aliyeshikwa mkono na Mwalimu huondoka kama mtu aliyepitiwa na usingizi. Nimekua nikilisikia hilo, na nililiamini kama nilivyoamini kwamba embe bichi na maziwa ni sumu.

Siku yake ilipofika mimi nilikuwa Muheza, darasani, nafundisha. Nilipofika nyumbani mikeka ilikuwa imeshatandikwa na wanaume wako nje. Niliambiwa kwamba ulifungua mlango wa chumba, ukasimama, ukasema, "Amekwenda salama, na shahada mdomoni." Maneno hayo yalitoka ukumbini yakafika msikitini, yakasemwa kaburini, yakarudiwa kwenye hitima. Hakuna aliyeshangaa. Mwalimu angekufa vipi tena?

Ndipo ukaingia eda. Bi Mwanaidi, jirani yetu wa nyumba ya nyuma, alikuvua bangili zako kwa povu la sabuni, maana mjane hakai na dhahabu mwilini, na zile zilikuwa hazijawahi kutoka mkononi mwako tangu mimi nikiwa mdogo. Zilipopita kiganja niliona michubuko na alama nyekundu kuzunguka kifundo cha mkono wako wa kulia. Nikajisemea, ona dhahabu ilivyomng'ang'ania, hata yenyewe haikutaka kuachana na ndoa hii. Nikalipenda wazo hilo. Siku ya tatu ya msiba nililiandika kwenye daftari. Ndivyo nilivyo, mama, na ulijua.

Miezi minne na siku kumi ni mingi kwa mwanamke aliyezoea kwenda sokoni mwenyewe na kumfunua samaki mashavu kabla ya kuuliza bei. Kila siku nilitoka shuleni, nikapita kwako baada ya alasiri kabla ya kwenda kwangu Mabawa. Mwanzo tulisoma Yasini. Kisha ukaniuliza ni nini hicho ninachoandika kila nikikaa, nikasema ni hadithi ya mzee mmoja. Ukasema, hebu isome, leo hata redio imenichosha.

Nilikuwa na sura tisa. Nilidhani ni nzuri, na nilisoma kwa sauti ya mwalimu. Ulisikiliza ukiwa umeegemea mto, miguu umeinyoosha. Siku ya tatu ndipo uliposema neno.

"Mbona mzee wako hana magoti? Tangu nimsikie, ainuka tu. Aambiwa mgeni kaja, ainuka. Aitwa kula, ainuka. Babako alikuwa akiinuka mara ngapi kwa siku?"

Nilijitetea. Nilisema msomaji hana haja ya kuelezwa kila mtu anavyosimama. Ukacheka, ukasema kumbe hujui, kusimama ndiyo kazi ya mzee, hayo mengine ni ya ziada. Na ukanieleza mambo ambayo mimi, binti yake wa kwanza, sikuwa nayajua. Kwamba Ijumaa baba alikuwa akiwahi barazani saa nzima kabla ya wageni ili asionekane anavyokaa. Kwamba mkwaju wake wa kutembelea aliulaza uvunguni akisikia hodi. Kwamba alikuwa akijifanya anatafakari kumbe hajasikia swali. Kwamba kaimati alizokatazwa kwa ajili ya sukari alikuwa akizificha ndani ya kofia yake iliyodariziwa, ukazifua kofia mbili hadi ukashangaa shira imetoka wapi. Na kila Alhamisi ulimwekea beseni la maji ya moto, ukamkata kucha za miguu, ngumu kama gamba la kaa, naye akitazama ukutani kwa sababu alikuwa akiona haya.

"Andika kucha," uliniambia. "Huko kwenye vitabu vyenu mzee ni ndevu na maneno. Uzee ni kucha, mwanangu."

Nilirudi kwangu nikamtia mzee magoti. Nikamtia na kucha. Sura zote tisa zilibidi zibadilike, kwa sababu mtu asiyeweza kuinuka haendi kila mahali nilikomtuma. Nikaona nilivyokuwa nikifanya, na wengi wetu waandishi tunavyofanya. Mwandishi ana miaka thelathini au arobaini, hajawahi kushindwa kufunga kifungo cha shati, basi anamwandika mzee anayetoa busara kuanzia ukurasa wa kwanza, na akiishiwa busara anamuua. Anamuua vizuri. Anampa alfajiri, adhana kwa mbali, watoto wamezunguka kitanda, neno moja la mwisho ambalo litawekwa nyuma ya jalada. Riwaya nyingi nimezisoma, na baadhi nimezifundisha hadi wanafunzi wakazichoka. Sikumbuki mzee hata mmoja aliyekufa akiwa katikati ya sentensi.

Mimi pia nilikuwa nimefanya hivyo hivyo. Sura ya kifo niliiandika eda yako ikiwa inakaribia kwisha. Kurasa tatu. Alfajiri, adhana, mzee anatabasamu, anamwambia mkewe kwamba mauti ni kama kuvuka kizingiti cha nyumba unayoijua. Niliposoma, sauti yangu ilitetemeka kidogo pale kwenye kizingiti. Nilijipongeza.

Ukaniambia nirudie. Nikarudia.

"Haya ulisikia kwa nani?"

Nikasema nimeyatunga.

"Nimeona," ukasema. "Babako alikufa saa nne asubuhi. Huko uani kwa Bi Mwanaidi wakikaanga samaki. Harufu ilijaa chumba kizima."

Nilidhani utaishia hapo. Nilianza kukunja karatasi. Ndipo ukakunja mkono wa dera, ukanionyesha kifundo cha mkono wa kulia, ambacho kilikuwa kimeshapona kitambo, na ukanieleza kwamba alama zile nilizoziona hazikuwa za bangili. Zilikuwa za vidole vyake. Ukaniambia alishtuka kutoka usingizini, akakutazama kama mtoto aliyepotezwa sokoni, akakushika. Ulimtamkia shahada sikioni kama alivyokuwa akiwatamkia watu, naye akasema, "Sitaki." Ukamtamkia tena, akasema sitaki, Mwanaheri, sitaki, usiniache niende. Ukamwambia atulie. Akasema, "Usiniambie nitulie." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho uliyoyasikia vizuri. Midomo iliendelea kucheza, na wewe uliamua kwamba ni shahada. Ukazibandua vidole kimoja kimoja, ukamfumba macho, ukashusha mkono wa nguo, ukafungua mlango.

Uliyasema hayo yote bila kulia. Mimi ndiye niliyelia, na sikulia kwa huzuni tu. Nilikuwa na hasira. Mtu aliyewaambia watu miaka arobaini watulie!

Nilipopata sauti nikakuuliza kwa nini unaniambia sasa. Ukaniambia kwa sababu nimejidanganya vizuri mno na ungeniacha ningebaki humo. Kisha ukaongeza, kwa sauti ile ile uliyokuwa ukiulizia kama mchele umechaguliwa, "Na kwa sababu mie naogopa. Siku yangu sitaki niwe na mtu anayengoja nimwambie maneno mazuri."

Halafu ukanifunga. Nakumbuka ulivyosogea ukingoni mwa kitanda.

"Nimekwambia wewe, mwanangu. Sikukiambia kitabu. Maiti husitiriwa."

Nililielewa hilo bila kufafanuliwa, nikakuahidi. Kwetu anayeosha maiti hasemi alichokiona, na aliyekuwa chumbani roho ikitoka naye hasemi. Mtu hufunikwa shuka, na yaliyompata hufunikwa pamoja naye. Ni adabu njema, na sijawahi kuidharau. Nilikwenda nikazichana zile kurasa tatu, nikaandika nusu ukurasa: bibi anaingia chumbani, mlango unafungwa, msomaji anabaki ukumbini na jamaa wengine, mlango unafunguliwa, bibi anasema amekwenda salama. Nilijiona nimepatanisha mambo mawili. Kitabu hakikusema uongo, na baba hakufunuliwa.

Eda ikaisha. Ukaoga, ukavaa kanga mpya, ukaenda sokoni siku ile ile ukagombana na muuza changu. Bangili ulikataa kuzirudisha, ukasema mkono umezoea kuwa mwepesi. Tulikuwa na miaka miwili mizuri. Sikuandika sana, na wala sikukusomea tena.

Wewe uliondoka baada ya adhuhuri, mama. Hili hulijui kama ninavyolijua mimi, kwa hiyo acha nikueleze. Daktari alikuwa amekurudisha nyumbani, akasema moyo umechoka. Siku mbili uliongea mambo ya kawaida. Uliuliza kama nguo zimeanuliwa. Uliuliza mtungi wa gesi umefungwa au la, nikaenda kuutazama mara nne ili nawe upate kupumzika. Hukuniusia chochote. Nilikuwa nimekaa kichwani pako, pale pale ulipokaa kwa baba, nawe ukafumbua macho ukasema unaogopa. Nikasema, najua, mama, nipo. Sikukwambia utulie. Nilikutamkia shahada, ukaitamka, kisha ukasema tena naogopa, kisha ukaitamka tena, na vyote viwili vilitoka kwenye mdomo mmoja bila kugombana. Ulinishika mkono ukanibana hadi vidole vyangu vikafa ganzi. Nilikupenda sana wakati ule. Sikuwa na daftari na wala sikulikumbuka.

Nilipofungua mlango wanawake walikuwa wamekaa ukumbini. Bi Mwanaidi alikuwa wa kwanza kunitazama. Nikasema, "Amekwenda salama." Maneno yalitoka yenyewe. Naamini ndivyo yalivyokutoka wewe.

Wiki moja baada ya hitima Bi Mwanaidi alikuja. Unamjua, haji mahali bila kibakuli mkononi, lakini siku hiyo alikuja mikono mitupu. Nilikuwa bado nalala Chumbageni, napanga vitu vyako. Nikampa kiti, nikamtilia chai. Alizungumza habari za mvua na za mjukuu wake anayesoma ukunga. Kisha akaniuliza, akitazama kikombe, kama mamangu aliogopa.

Nikamjibu hapana, Bi Mwanaidi, aliondoka ametulia kabisa.

Akasema alhamdulillahi. Akafunga kanga yake vizuri, akaondoka, na chai akaiacha nusu. Nilifikiri nimemfariji. Nilijisikia nimefanya lililo sawa kwako, kwake na kwa desturi, na nikarudi kwenye mafurushi yako.

Jumamosi mjukuu wake alinisimamisha njiani. Akaniambia bibi halali. Usiku anakaa kitandani taa imewashwa, na akiulizwa anasema hana kitu. Ila jana yake alikuwa amemwambia yule binti kwamba amegundua imani yake ni haba. Mwalimu alikwenda salama, mke wake naye akaenda salama, na marehemu mumewe mwenyewe alikwenda akiwa ameshikwa mkono na Mwalimu. Yeye peke yake ndiye anayetetemeka akiwaza siku hiyo, na kwa hiyo lazima kuna kasoro moyoni mwake. Ana miaka themanini na ushei, mama. Amefunga kila Ramadhani tangu avunje ungo. Na sisi watu watatu, baba, wewe na mimi, kwa adabu yetu, tumemfanya aamini kwamba amekufuru kwa kuogopa.

Nilikaa na jambo hilo usiku ule. Nikafikiri jinsi vitabu vyetu waandishi navyo vilivyomfanyia hivyo hivyo yeyote aliyevisoma akiwa mzee. Huyo mzee wangu mwenye tabasamu na kizingiti chake, angekutana na Bi Mwanaidi, angemwongezea nini zaidi ya aibu? Na ule mlango niliouona wa heshima, msomaji amesimama nje yake akisikia "salama" kama alivyosikia yeye. Mhariri hanijui, hamjui baba, lakini kalamu yake iligusa palipo.

Jumapili nikaenda nyumba ya nyuma. Alikuwa amekaa juu ya jamvi anachambua mchicha. Sikuwa na maneno ya kuanzia, nikaanza tu. Nikamwambia nilimdanganya. Nikamweleza yako, yote, hadi habari ya mtungi wa gesi. Alisikiliza mikono ikiendelea na mboga. Kisha nikamweleza ya baba, na hapo mikono ikasimama.

"Mwalimu? Mwalimu huyu huyu aliyemshika mkono Athumani wangu?"

"Huyo huyo, Bi Mwanaidi. Alisema hataki. Alimbana mama mpaka akamchubua. Wewe ndiye uliyemvua bangili, ukaziona alama."

Akafikiri. Nilimwona akirudi kwenye siku ile, akiuangalia tena mkono wako.

"Nilidhani sabuni haikutosha," akasema.

Nilitegemea atanigombeza kwa kumfunua maiti, na alikuwa na haki hiyo. Wewe mwenyewe ungeanza kabla sijamaliza. Alikuja kusema, polepole, kama mtu anayejaribu kama mguu uliokufa ganzi unakanyagika, "Basi si mie peke yangu."

Akaniambia nimsogezee sufuria, akaendelea na mchicha. Baadaye, nilipokuwa naaga, akaniuliza kama nitakuja siku yake. Nikasema nitakuja. Akasema nije mimi, mkono wake hataki kumpa mtu asiyejua.

Nimekaa hapa mezani kwako, mama, na sura ya kumi na moja nimeiandika upya. Mlango uko wazi. Msomaji anaingia, anasikia harufu ya samaki, anamwona mzee aliyewatuliza watu maisha yake yote akimshika mkewe na kusema hataki. Sikumpa neno la mwisho. Nusu ya Chumbageni watamtambua kabla hawajafika mwisho wa ukurasa, na kuna watakaonipita njiani bila salamu. Dada yako wa Kigombe, sijui kasikia kwa nani, ameshanipigia simu kuuliza kama ni kweli naandika mambo ya ndani. Nimemwambia ni kweli.

Uliniambia mimi, hukukiambia kitabu. Nimekiambia kitabu. Sitafuti namna ya kulifanya lionekane dogo. Uliniomba jambo moja ukiwa hai, nikakuahidi, na nimelivunja wewe ukiwa huwezi kunizuia. Kama ni dhambi, nitaijibia mimi, na baba naye, kama kule watu wanaonana, mwambie nimemtaja kwa mapenzi na kwamba ile hasira imekwisha. Iliisha Jumapili, juu ya jamvi la Bi Mwanaidi.

Asubuhi hii yule mjukuu alipita hapa akienda chuoni kwake. Hakusimama sana. Alisema bibi alizima taa baada ya isha, akalala, na hakuamka mpaka alipoamshwa kwa swala ya alfajiri.

Mungu akupe wasaa huko uliko, na baba, na anisamehe mimi kwenu nyote wawili.

Binti yako, kifungua mimba